Klipu za rivolva ya .45: nimeuziwa bati, halafu naambiwa bastola yangu ndiyo mbovu!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Niko Texas, mwaka wa nne huu napiga mashindano ya USPSA (chama cha mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola Marekani), kundi la rivolva. Natumia Smith & Wesson 625, inakula .45 ACP, risasi zile zile za bastola ya magazini. Najua wataibuka wa "nunua Glock (bastola ya magazini) upumzike". Huo ushauri sijauomba.

Kwa wageni wa mambo haya: risasi ya rivolva ya kawaida ina ukingo kwenye kitako. Ukingo ndio unaoizuia isizame kwenye silinda, na ndio unaosukumwa maganda yakitoka. .45 ACP haina ukingo unaojitokeza, ina mfereji tu, ili ipande vizuri kwenye magazini. Kwa hiyo unazipachika sita kwenye klipu ya duara, kibati chembamba, unazitumbukiza zote kwa mpigo. Utundu huu ni wa 1917: Marekani imeingia vitani, M1911, bastola za magazini za jeshi lake, hazitoshi, Colt na Smith & Wesson wakatengeneza rivolva za risasi hizo hizo. Enzi hizo klipu ilikuwa nusu duara, inashika tatu. Mwenye mkono mwepesi anajaza kufumba na kufumbua. Jerry Miculek, bingwa wa rivolva, mwaka 1999 alipiga sita, akajaza, akapiga sita nyingine kwa sekunde 2.99, tena kwa 625.

Mimi si Miculek. Ila yaliyonikuta Jumamosi sikustahili.

Nilikuwa nimeagiza klipu mpya 25 mtandaoni. Muuzaji (simtaji) kaandika kwa herufi kubwa kwamba ni chuma cha springi, maalumu kwa mashindano. Kituo cha tatu, kipima muda kikalia, sita za kwanza safi kabisa. Nikajaza, nikafunga silinda, navuta triga: imegoma! Nakaza kidole, silinda inajikokota kama punda aliyechoka. Ya kwanza ikatoka. Ya pili, tik. Fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) imekwaruzwa tu, haikuwaka. Nimemaliza muda nahangaika, shabaha mbili zimebaki nzima, na kila risasi iliyokosekana ni pointi 10 zinakatwa. Msimamizi ananitazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nyumbani nikazilaza klipu tupu juu ya kioo cha meza. Tisa kati ya 25 zinayumba kama kiti chenye mguu mfupi! Tena kati ya hizo tisa, nne sijawahi hata kuzipakia. Klipu ikipinda kidogo tu, upande mmoja vitako vinasugua fremu nyuma ya silinda, ndiyo triga inakuwa nzito. Upande wa pili risasi inakaa mbali na pini inayoigonga, fataki inapigwa kivivu.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake: "Triga yako imelainishwa mno, tumia fataki za Federal." Yaani eti pini yangu inagonga kwa nguvu ndogo. Jamani! Imelainishwa ndiyo, nani anashindana na triga ya kiwandani? Na Federal ndizo ninazotumia, kwa sababu ni laini. Nikarudi uwanjani na klipu zangu kuukuu, risasi zile zile, fataki zile zile: 120 bila kugoma hata moja. Nikamtumia video. Siku tatu kimya, halafu: "Klipu zilizotumika hazirudishwi." Sasa nilitakiwa nizijaribu kwa kuziota?

Na nyie wa rivolva ya 9mm ya risasi nane, msianze. Nane mnapiga, lakini mnahesabiwa maina (daraja la nguvu ndogo): mkigonga C, eneo la nje ya katikati ya shabaha, mnapata pointi 3, mimi na meja yangu (daraja la nguvu kubwa) napata 4. Isitoshe 9mm nayo haina ukingo, mnategemea klipu kama mimi. Siku mkiuziwa bati mtanikumbuka.

Hela nimeshaidai kupitia benki, tutaona. Ninachohitaji humu ni kimoja. Mfereji wa ganda hautoki sawa kwa kila kampuni, klipu inayobana ganda hili inalegea kwenye lile. Mimi natumia maganda ya kampuni ya Starline. Wenye 625, mnatumia klipu zipi ambazo risasi hazichezi? Na mnazinyoosha wenyewe zikipinda au mnatupa?