[Glasgow Kusini] Kadi ya basi ya mama, na treni ya Pollokshaws West

Neema:
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mama ametimiza miaka 67, nimempeleka ofisi moja hapa mjini kuomba NEC, kadi ya basi bure ya Scotland, ile ya miaka 60 na zaidi. Dirishani wametaka kibali cha kuishi hapa. Pasipoti ninayo, kibali ni eVisa, kiko mtandaoni tu. Nikatoa na BRP yake ya zamani, ile kadi ya ukaazi, dada akaigeuza-geuza: "Hii imekwisha." Nikamwambia BRP karibu zote ziliandikwa mwisho 31 Desemba 2024, si ya mama peke yake. Fomu ikarudi. Aliyepita hapo alionyesha nini? Halafu, ikitoka, itamfaa kwenye treni? Basi zinamchefua, hupandia Pollokshaws West.

Njoro:
Pole dada. Mimi kijana wangu ana ile ya chini ya miaka 22, basi bure tangu Januari 2022. Akajitia kupanda nayo treni! Nililipa mimi. Nauli ya treni angalau sasa ni moja, saa za msongamano na saa nyingine, tangu Septemba 2025. Mama apande tu ile ya Cathcart Circle, inapita hapo Pollokshaws.

Mzee Kombo:
Njoro, usimpoteze mama wa watu. Ya Cathcart Circle inapita Pollokshaws EAST. West ni njia ya Barrhead na East Kilbride. Zote zinaishia stesheni ya Central mjini, lakini ukimwambia mgeni "nishukie Pollokshaws" bila kutaja upande, mtatafutana kwa simu. Na bado kuna Pollokshields, nayo ina East na West yake.
Kadi ya mzee: basi bure, treni inapunguziwa nauli tu, hapa Strathclyde.

Njoro:
Mzee, nimekaa huku miaka kumi na minne. East ndiyo kituo kikuu cha hapo.

Mzee Kombo:
Kikuu kwa lipi? West ilifunguliwa 1848, na jengo lake linalindwa kisheria. East imekuja 1894. Mjukuu hampiti babu kwa umri.

Bi Maryamu:
Mimi hapo West hushuka kwenda Pollok Park, mwendo mdogo tu. Naona lile jengo la mawe nakumbuka stesheni yetu Mombasa. Treni ya usiku, kitanda kimetandikwa, mhudumu anapita na kengele ya chakula. Sasa mpaka ufike Miritini ndipo upande SGR, ile reli mpya. Hamu imeniisha.

Juma wa Moro:
Bi Maryamu, njoo kwetu basi. Dar hadi Dodoma tunakwenda kwa umeme tangu 2024. Ninyi Wakenya bado dizeli.

Njoro:
Yenu tumeisikia sana. Deni mtalipa na nani?

Juma wa Moro:
Na ninyi lenu mnalipa na nani? Huku kwenyewe walipofunga njia ya East Kilbride, Januari hadi Mei 2025, waweke umeme, ulilalamika humu wiki nzima.

Rehema:
Kaka zangu, siasa pembeni. Neema, toa share code, ile namba ya kuonyesha kibali, kwenye akaunti ya UKVI, idara ya visa, uichapishe.

Neema:
Nilikuwa nayo, da Rehema. Kasema hana pa kuiingiza.

Rehema:
Mimi waliikubali. Lakini mimi niliombea kazi, si kadi.

Mzee Kombo:
Juma, kabla ya umeme wenu kulikuwa na mvuke, na mvuke ulitoka hapahapa. Marehemu baba alikuwa fayamani, mtia makaa, wa EAR, reli ya Afrika Mashariki, Nairobi. Injini za aina ya 29, zile zenye majina ya makabila, ziliundwa na kampuni ya North British, Glasgow. Alikuwa akitutajia "Glasgow" kwa sababu imeandikwa kwenye bamba ubavuni mwa injini, mimi nikidhani ni jina la mzungu mwenye mali. Nilipofika huku mara ya kwanza nikaenda mtaa wa Springburn kutafuta karakana yao. Nikakuta nyumba na barabara.

Bi Maryamu:
Unayo picha yake Kombo?

Mzee Kombo:
Moja, ameshika koleo. Nitaiskani Jumamosi.