Mrejesho: kubadilishana silinda kati ya Ruger Blackhawk mbili

Wakuu, nilileta swali kutoka huku Arizona: mimi nina Blackhawk, bastola ya Ruger yenye silinda inayozunguka (ile sehemu yenye matundu ya risasi), ya risasi za .357 Magnum; shemeji ana ya risasi za .45 Colt. Je, silinda yake inaweza kukaa kwenye yangu?

Nilizipeleka zote kwa fundi wa bunduki. Jibu ni hapana, na mliosema tatizo ni mtutu mlikuwa sahihi kabisa. Kichwa cha risasi ya .45 Colt kina kipenyo cha inchi 0.452, mtutu wangu ni wa 0.357. Hapo hata habari ya silinda haijaanza. Ukifyatua umejitafutia balaa.

Kinachowezekana ni silinda ya 9mm, maana kichwa cha risasi ya 9mm ni inchi 0.355 na mtutu wangu 0.357, zinakaribiana, na Ruger wenyewe huuza Blackhawk yenye silinda zote mbili. Nimepata moja iliyotumika. Fundi alifungua kilango cha kupakilia, akavuta pini ya kati inayoshika silinda, akapachika hiyo ya 9mm, kisha akakoka nyundo polepole tundu moja baada ya jingine akisikiliza kama silinda inajifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Matundu mawili yalichelewa kujifunga. Pia ilikuwa karibu kugusa mtutu. Ameibakisha aitengeneze, kwa sababu kila silinda hulinganishwa na fremu yake. Ndiyo maana ile ya ziada ya kiwandani huandikwa tarakimu za mwisho za namba ya bastola.

Kwa sasa napiga risasi za .38 Special, ambazo ni fupi na dhaifu kuliko .357, kwenye silinda ileile ya .357. Bei nafuu, mkono hauumii. Shemeji bado anabisha.