Tupeane uzoefu: kufunga siti za gari jingine kwenye pickup au lori la zamani

Mwanzisha mada, Morogoro

Habari za jioni wakuu. Naomba uzi huu tuutumie kwa jambo moja: waliobadilisha siti kwenye magari ya mizigo ya zamani watueleze walizifungaje na zimewafaaje. Sizungumzii kava wala kushona ngozi upya. Nazungumzia kung'oa siti iliyokuja na gari na kuweka ya gari jingine.

Gari langu ni Land Cruiser pickup ya mtindo wa 75, injini ya 1HZ. Siti ya benchi ilikuwa imechoka, springi zinachoma mgongo, na safari zangu ni za Ifakara na mzigo. Siti za Japan zilizotolewa kwenye magari madogo ziko tele Gerezani, Dar es Salaam, laini na nzima. Tatizo linaanza fundi anapokwambia "lete siti, nusu saa tu". Katika hiyo nusu saa anatoboa matundu manne sakafuni, anapitisha bolti, chini anaweka washa ndogo, anakaza, unaondoka umefurahi.

Nimeona mwisho wa kazi ya namna hiyo. Pickup moja ya hapa kwetu iligonga kingo ya daraja. Dereva alikuwa amefunga mkanda, lakini siti iling'oka nzima ikamsukuma kwenye usukani. Aliumia mbavu, namshukuru Mungu alipona. Nilipokwenda kuiangalia gereji, bolti zote nne zilikuwa nzima, na kila moja imebaki na kipande cha bati kama kizibo cha soda. Kilichoachia ni sakafu.

Kwa hiyo mimi nilianza na mkanda kabla ya siti. Kwenye pickup nyingi za zamani mkanda umeshikwa na mwili wa gari: juu kwenye nguzo ya mlango, chini sakafuni, na kile kichwa cha kuchomekea nacho kimefungwa sakafuni. Gari likigonga, wewe unashikwa na kebini na siti inajibeba yenyewe. Magari mengi ya siku hizi yana kichwa cha kuchomekea kilichofungwa kwenye siti. Ukiihamisha siti hiyo ilivyo, sehemu kubwa ya uzito wako inapitia kwenye reli na bolti za siti. Kuna kanuni namba 14 ya Umoja wa Mataifa kuhusu sehemu za kufungia mikanda. Kwenye jaribio lake, kwa magari madogo na pickup nyepesi, mkanda wa bega unavutwa kwa niutoni 13,500 na wa kiunoni vivyo hivyo, kwa pamoja. Kila mvuto ni kama kuning'iniza kilo 1,375 hivi. Mkanda ukiwa kwenye siti, unaongezwa mvuto wa mara 20 ya uzito wa siti yenyewe. Hebu fikiria bati la sakafu ya gari la miaka thelathini likibeba hayo kwa washa nne.

Nilivua vichwa vya kuchomekea vya siti mpya, nikarudisha vya gari langu kwenye nati zake za kiwandani, na siti nikaziweka juu ya fremu ya chuma iliyofungwa kwenye matundu yale yale ya benchi. Sakafu haikutobolewa hata sehemu moja. Karibuni, hasa mafundi.

Fundi Bodi, Gerezani

Mkuu, hapo kwenye matundu ya kiwandani ndipo penye siri. Chini ya bati, pale siti ya asili inapokaa, kuna mhimili wa chuma kilichokunjwa na nati zimechomelewa ndani yake. Sogea pembeni kidogo unakutana na bati tupu la milimita moja hivi. Ndiyo maana kazi yangu huwa ni fremu: inaanzia kwenye matundu ya zamani na kuishia kwenye matundu ya siti mpya.

Ukilazimika kutoboa sehemu mpya, kwa chini weka pleti. Kwenye magari ya rali FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, wanataka kila sehemu ya kufungia siti iwe na eneo la kugusana la sentimita za mraba 40, na chuma kisipungue unene wa milimita 3. Hiyo ni pleti ya sentimita 6 na nusu kwa 6 na nusu. Mimi naikata 8 kwa 8, kona naziviringa zisije zikakata bati, na naipaka rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla ya kuifunga. Kabla ya yote, toa kapeti. Magari yaliyofanya kazi Tanga au Mtwara yanaliwa na chumvi kuanzia chini ya kapeti, juu unaona rangi safi. Gonga kwa nyundo ndogo. Ukisikia mlio mfu au bati likibonyea, kazi ya kwanza ni sakafu, siti itasubiri.

Bolti nazo. Kichwani pasomeke 8.8 au 10.9, namba za uimara wa chuma. Isiyo na namba siipokei hata mteja akija nayo mwenyewe. Siti nyingi za Kijapani zinatumia bolti ya milimita 10 yenye meno ya 1.25 (milimita kutoka jino hadi jino), na maduka mengi ya vifaa yanauza 10 yenye meno ya 1.5. Inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inagoma, kijana anaongeza nguvu ya spana, nati inakwanguka meno au inang'okea ndani ya mhimili ambako mkono haufiki. Bolti za mikanda ni nyingine kabisa: inchi 7/16, meno 20 kwa inchi, hata kwenye gari la Kijapani. Zitunze zile zilizokuja na gari.

La mwisho, wanaoinua siti kwa skwea paipu. Paipu ni tupu ndani. Ukikaza bolti kupita katikati yake inabonyea taratibu, bolti inalegea, siti inaanza kucheza. Chomelea bushi ndani, yaani kipande cha bomba nene, bolti ipite kwenye bushi.

Mdau, Kigoma

Kwa nini tusichomelee reli moja kwa moja sakafuni? Huku ndivyo wengi wanavyofanya na hazitingishiki.

Fundi Bodi, Gerezani

Hazitingishiki siku ya kawaida, ndugu. Reli ya siti ni chuma kigumu. Moto wa weldingi unakibadilisha: karibu na weldingi sehemu nyingine inalainika, nyingine inakuwa kavu na inapasuka bila dalili. Tena chini ya hilo bati kuna paipu ya breki, ya mafuta na waya, na kapeti iko karibu na cheche. Fremu ichomelewe mezani, nje ya gari, ipoe, ndipo ifungwe kwa bolti. Hapo hata kesho ukitaka kuitoa unatoa.

Mzee wa Series, Arusha

Wenye Land Rover za zamani, zile za Series, tuna habari yetu. Boksi la siti ni alumini, mashine ya kawaida ya elektrodi haiwezi kulichomelea. Na siti za asili hazikufungwa kwa nguvu kubwa, mto umekalia boksi tu. Ukileta siti nzito ya gari la kisasa ukaifunga kwenye alumini ile, umefunga kwenye karatasi.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni drili. Kwenye Series nyingi fupi na pickup zake, tangi la mafuta liko chini ya boksi, upande wa siti. Fungua mfuniko uone kwa macho kabla hujatoboa chochote. Mimi nilitengeneza fremu ya chuma inayokaa juu ya boksi na kuteremka kwa miguu hadi kwenye chesisi, na mfuniko wa tangi bado unafunguka. Chuma kinapogusana na alumini nimeweka mpira mwembamba, maana vikikutana na maji alumini inaliwa. Na kama betri yako iko chini ya siti ya abiria, mkalishe mtu mzito kabisa uhakikishe fremu ya siti haifikii vichwa vya betri.

Mama Canter, Mbeya

Kaka zangu, mmesahau kebini zinazopinduka. Siti iliyoegeshwa kwa ndoano, siku fundi akipindua kebini aangalie injini, inakwenda na kioo cha mbele. Kila kitu kiwe na bolti au kifuli kinachofunga kweli.

Kingine ni urefu wa kukaa. Siti ya gari dogo ina mto mnene, na sakafu ya Canter iko juu ya tairi. Siti zangu za kwanza kuletewa zilikuwa nzuri machoni, dereva akikaa kichwa kinakaribia paa na magoti yanagusa usukani. Nilikataa. Sasa utaratibu wangu ni huu: fremu inashikwa kwa nukta chache tu za weldingi, dereva mwenyewe anakaa, anakanyaga klachi mpaka mwisho, anafunga mkanda, anaangalia vioo vyote viwili, anageuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Akiridhika ndipo inatolewa kwenda kuchomelewa. Dereva wa gari la mzigo anakaa hapo kutwa nzima, ana haki ya kuulizwa.

Fundi wa nyaya, Kirinyaga Road, Nairobi

Nimefurahia mlivyoanza na mkanda. Huku kwetu, kanuni za Waziri wa Uchukuzi Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, matatu zote zililazimika kuwa na mikanda. Nimefungua siti kadhaa za wakati ule: mkanda umefungwa vizuri kwenye siti, na siti imefungwa kwenye bati tupu. Ni kosa lile lile la sakafu.

Mimi nataka kuwatahadharisha kuhusu eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga. Siti nyingi za Japan zina eabegi ubavuni mwa mgongo. Kuna kitambulisho kidogo kimeandikwa SRS AIRBAG, na chini ya siti utaona soketi ya njano. Wengine husema, gari langu la zamani halina mfumo huo kwa hivyo haina neno. Ile baruti ya kuufumua mfuko bado imo ndani. Usiipime kwa taa wala mita, usitoboe mgongo wa siti, usipeleke moto karibu nayo. Na vichwa vingine vya kuchomekea mkanda vina baruti yake ya kuvuta mkanda gari linapogonga, navyo vina waya wa njano. Mteja akiniletea siti ya namna hiyo kwa lori la zamani, namshauri airudishe achukue isiyo na eabegi.

Dereva wa masafa, Tunduma

Kwa upande wa malori makubwa, wengi tunaweka siti za upepo, zinazobebwa na mfuko wa hewa, kwenye Scania 113 na mfano wake. Mgongo unapata nafuu kweli, siwezi kurudi kwenye siti ngumu. Swali ni upepo unachukuliwa wapi. Uchukuliwe kwenye njia ya vifaa vya ziada, iliyotengwa na valvu inayolinda mitungi ya breki. Mwenzangu alifungiwa paipu kutoka kwenye mtungi wa breki moja kwa moja. Paipu ikapasuka akiwa mlima Kitonga, geji ikaanza kushuka anaiona. Alikuwa anapanda, akaliegesha. Angekuwa anashuka na mzigo nisingependa kufikiria.

Halafu siti inacheza juu na chini wakati mkanda uko kwenye nguzo. Kila shimo unakukaba, mwishowe dereva anaacha kuufunga. Tafuta siti yenye mkanda wake yenyewe, lakini hapo kumbuka maneno ya mwanzisha mada: mzigo wote umehamia kwenye siti. Siti nzuri za aina hiyo huwa na mikanda mifupi inayounganisha fremu ya juu na sakafu, isije ikanyanyuka na kuachia. Wauzaji wengi huku huikata wakati wa kuitoa. Idai.

Mtanzania, Texas

Huku hobi ya watu ni Chevrolet C10. Mpaka modeli ya 1972 tangi la mafuta liko ndani ya kebini, nyuma ya mgongo wa siti. Watu wanatoa benchi na kuweka siti mbili zinazolala nyuma, migongo inasugua tangi. Niliyofunga mimi tulihamishia tangi nyuma kwanza, kati ya chesisi, siti zikafuata. Pia mikanda ya bega hazikuja nayo, ilibidi tuchomelee pleti zenye nati ndani ya nguzo za mlango. Kile kidude kinachovingirisha mkanda kikae wima kama maelekezo yake yanavyosema. Kikiinama, mkanda unajifunga wenyewe na hautoki.

Mwanzisha mada, Morogoro

Asanteni sana. Nina maswali mawili. Baada ya kufunga, siti mpya imekaa juu kidogo kuliko benchi, na kichwa cha kuchomekea kinaonekana kimezama pembeni ya mto. Je, kuna tatizo? Pili, benchi ilikuwa inabeba watu watatu. Sasa kuna nafasi katikati, na vijana wa mzigo wananiomba niweke mto wakae hapo.

Fundi Bodi, Gerezani

La kwanza: kaa, funga, uangalie mkanda wa kiunoni umelala wapi. Unatakiwa ukae chini, kwenye mifupa ya nyonga. Ukiwa umepanda tumboni, gari likigonga mwili unateleza chini yake na tumbo ndilo linalobeba. Kichwa kikizama usikirefushe kwa kipande cha bati. Shusha fremu. Ilete Jumamosi tupime, kama kuna sentimita mbili za kupunguza tutazipata.

Pia piga mstari wa rangi kutoka kwenye kila bolti hadi kwenye fremu. Baada ya safari za barabara mbovu utaona kwa jicho kama kuna iliyozunguka.

La pili: hapana mkuu. Katikati hakuna siti wala mkanda, kwa hiyo gari ni la watu wawili. Idadi iliyoandikwa kwenye kadi nenda TRA ikabadilishwe, na bima waambie pia. Vijana wapande gari jingine.

Mwanzisha mada, Morogoro

Sawa fundi, Jumamosi asubuhi nakuja na gari.