Usomaji wa Desemba: nani anasoma, na tunarudije?

Kutoka: Mratibu, South B

Habari zenu ndugu Watanzania wa Nairobi. Shikamooni wakubwa.

Mwaka huu tunasoma mashairi na hadithi zetu Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nane mchana hadi saa kumi na moja na nusu, South B, chumba cha nyuma cha mgahawa ule wa pilau. Mwenye mgahawa hatutozi ukumbi, ila ameomba kila atakayekuja ale. Njoo na mia tano ya Kenya ya sahani.

Najua wengine mlitaka wiki ya Krismasi yenyewe. Mwaka juzi tulijaribu, tukajikuta watu tisa tunasomeana. Ikifika tarehe 20 Nairobi imeshahamia ushago, yaani vijijini kwao, na sisi wenyewe nusu yetu tuko mpakani Namanga na mabegi. Isitoshe, siku zinazofuata Jumamosi hiyo zina uzito wake: tarehe 9 ni uhuru wa Tanganyika, 1961, tarehe 10 wa Zanzibar, 1963, tarehe 12 wenyeji wetu wana Jamhuri yao. Mada ni sikukuu ukiwa mbali na kwenu, na sikukuu ni yoyote: Krismasi, Idi, Mwaka Kogwa, hata siku ambayo ni sikukuu humo nyumbani mwenu tu.

Nafasi ni kumi, dakika tano kila mtu. Sita nimewawekea wasiowahi kusimama mbele za watu. Waimbaji na waigizaji karibuni. Ngonjera ya watu wawili ni nafasi moja. Tutarekodi na kuweka mtandaoni.

Kutoka: Muuguzi, Eastleigh

Shikamoo kaka. Naomba nafasi, itakuwa mara yangu ya kwanza. Nina mwaka mmoja na nusu hapa, natokea Tanga, na Krismasi nimepangiwa zamu ya usiku. Nimeandika shairi. Ubeti wa kwanza ni huu:

Desemba imeingia, Nairobi kwanyamaa,
Majirani wakimbia, makwao kwenda kukaa,
Mie huku nasalia, na sufuria na taa,
Mama nitakupigia, ukimaliza kupaa.

Nyumbani kwetu Chumbageni mkesha wa Krismasi ni samaki wa nazi, na kupaa, yaani kumtoa samaki magamba, ni kazi ya mama, hamwachii mtu. Nilimsomea mwenzangu wa kazini, Mkenya. Nilipofika mstari wa mwisho akanishika mkono, akaniuliza mama alifariki lini. Alisikia mama anapaa kwenda mbinguni.

Tangu siku hiyo sijui nifanyeje. Nieleze kabla ya kusoma? Na dakika tano ni beti ngapi?

Kutoka: Mzee wa Pangani (hii ya Nairobi)

Marahaba binti yangu. Shairi lako limesimama. Nimehesabu mizani, nane kwa nane kila mstari, na vina havijayumba popote.

Usieleze kabla. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii miaka mingi, na kila msomaji anapoanza na maelezo, watu husikiliza maelezo na kuchoka kabla shairi halijafika. Kinachotakiwa ujue ni kwamba asomaye kitabuni anaweza kurudi mstari nyuma, lakini aliyekaa kitini hana pa kurudi. Neno likimpita, limempita. Kwa hiyo shairi la kusomwa hadharani lijieleze lenyewe, tena palepale.

Samaki umemweka kwenye barua, shairini hayumo. Mwingize. Jaribu hivi: *Mama nitakupigia, samaki ukishapaa.* Mizani ni ileile, kina ni kilekile, na hakuna atakayekupa pole ya msiba. Mtu wa Nairobi asiyejua kupaa atajua kuna samaki na kuna kazi jikoni, na hilo linamtosha.

Kuhusu muda: ubeti kama huo ukisomwa tu kwa utulivu ni sekunde ishirini hivi. Ukighaniwa huzidi mara mbili. Nakusihi ughani. Usiogope sauti yako si ya mwimbaji. Kughani ni pumzi na kujua pa kutua, na mahali pa kutua umeshajiwekea kwenye kina cha kati. Beti sita basi. Wenye hadithi wasizidi maneno mia tano, na wapime kwa saa, wakisoma kwa sauti, wamesimama. Ukisoma kimoyomoyo kitandani, muda unakudanganya.

Jambo jingine. Kipaza sauti cha pale mgahawani hupokea pumzi kuliko neno. Kiweke chini kidogo ya kidevu. Karatasi zishikwe kwa mkono, simu hujizima taa katikati ya ubeti.

Kutoka: Kijana wa Umoja

Dada, hongera. Pendekezo dogo: mstari wa pili uwe *ushago kwenda kukaa*. Mizani inakubali na ukumbi wote wa Nairobi utakuwa wako papo hapo.

Kuhusu kurekodi, namwomba mratibu asiweke kitu mtandaoni bila kumuuliza mwenyewe. Mashindano mengi hayapokei kazi iliyokwisha kuchapishwa, na wengine huhesabu mtandao kuwa uchapishaji. Mwenye diwani anayeilenga Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, asome masharti ya mwaka husika kabla hajakubali kamera.

Kutoka: Dada wa Kasarani

Mimi nazungumzia kurudi, maana hilo ndilo huwaondoa watu kabla ya msomaji wa mwisho, na msomaji wa mwisho huwa ni mgeni asiyejua kuomba nafasi ya mapema. Inaniuma kila mwaka.

Vuli bado ipo wiki hiyo. Mvua ikinyesha jioni nauli za matatu hupanda hapohapo na mjini hakupitiki. Basi tuandikishane kwa upande tunaoelekea: wa Thika Road pamoja, wa Eastlands pamoja, teksi moja watu wanne. Binti wa Eastleigh, mimi nitapita kwako, usiwaze. Na mratibu, wanaosoma mara ya kwanza wapewe nafasi sita za mwanzo.

Wanaokwenda Tanga baada ya zamu zao: msizunguke Namanga. Treni ya Syokimau hadi Mombasa, kisha Lunga Lunga, mnavuka Horohoro. Tiketi za Desemba huisha mapema, na pasipoti itazameni sasa, si usiku wa safari.

Kutoka: Muuguzi, Eastleigh

Asanteni sana, shikamoo mzee. Samaki nimemwingiza. Nimelighani jana usiku jikoni, beti sita, dakika nne na kidogo.

Kaka wa Umoja, ushago nimeijaribu na ni kweli inapendeza mdomoni. Lakini nimerudisha makwao. Mama hajui ushago ni nini, na shairi nimemwandikia yeye. Samaki hakumpunguzia kitu, hilo lingempunguzia.

Na kwa sababu hiyohiyo naomba nisirekodiwe. Akilisikia kwa mara ya kwanza, iwe kwa simu, usiku ule wa zamu, nitakapotoka nje dakika kumi za mapumziko.

Kutoka: Mratibu, South B

Nafasi ya tatu ni yako. Ukisimama, simu zote zitakuwa mezani, zimegeuzwa.