MREJESHO: Cambridge (Sayansi za Asili) au Imperial (Fizikia)?

Wakuu, narudi na majibu. Kwa mliosahau: niliomba ushauri hapa nichague ipi kati ya ofa mbili za vyuo vikuu vya Uingereza, Cambridge na Imperial College London, zote za masharti ya alama za mtihani, na nilitaka fizikia ila kemia nayo ilinivuta.

Nimechagua Cambridge. Ushauri uliofanya kazi ni wa yule aliyesema niachane na orodha za ubora wa vyuo, nifungue ukurasa wa kila kozi na kuweka masomo ya mwaka wa 1 hadi wa 3 kwenye jedwali moja. Tofauti ilionekana palepale. Cambridge mwaka wa kwanza unasoma sayansi tatu pamoja na hisabati, unabobea polepole. Imperial unaingia idara ya fizikia tangu siku ya kwanza. Aliye na uhakika na fizikia tupu, nadhani Imperial inamfaa zaidi. Mimi sikuwa nao.

Ushauri wa kuwaandikia wanafunzi ulizaa nusu: barua pepe nne, majibu mawili, ila hayo mawili yalieleza mzigo wa kazi za wiki kuliko tovuti yoyote.

Uliokwama ni wa kuiweka Imperial kuwa chaguo la akiba (chuo cha kukimbilia ukikosa alama za chaguo la kwanza) kwenye UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vikuu Uingereza. Masharti ya ofa zote mbili yalilingana, na akiba yenye alama zilezile haikuokoi ukianguka. Nikaikataa, nikaweka chuo cha tatu kilichonipa ofa yenye masharti nafuu. Angalieni hilo kabla hamjabonyeza kuthibitisha, maana kubadilisha baadaye ni shughuli.

Asanteni sana, hasa aliyenitumia mfano wa jedwali.