Nataka kuacha kazi ya mshahara, naombeni ushauri

Kutoka: Kijana wa Milton Keynes

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari zenu. Nina miaka tisa kwenye kampuni ya bima hapa Uingereza, idara ya kompyuta. Mshahara mzuri, bosi hana neno. Wikendi napika mikate ya ufuta. Ilianza kama ya nyumbani, sasa kila penye harusi au maulidi simu inaita. Nina akiba ya miezi sita, na mwezi ujao nataka kuandika barua ya kuacha kazi. Mke wangu kasema niwaulize kwanza.

Kutoka: Mzee wa Reading

Marahaba. Una karatasi gani? Kama bado upo kwenye viza ya Skilled Worker, ile ya kazi inayokufunga na mwajiri, zima jiko kwanza. Ukiacha kazi mwajiri anaiarifu Home Office, wizara ya mambo ya ndani, na kwa kawaida unabakiziwa siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine au kufunga virago.

Kutoka: Kijana wa Milton Keynes

Makazi ya kudumu ninayo mzee, tangu 2021.

Kutoka: Mama Z., Leicester

Haya mdogo wangu, hapo umepona. Sasa sikiliza.

Mimi niliacha kazi Aprili 2022, baada ya miaka kumi na mmoja ya kuandaa mishahara ya watu. Miaka yote hiyo nawakata wenzangu kodi, halafu ya kwangu ikaja ikanikuta nimekaa! Mshahara ni samaki aliyekwisha parwa: magamba hakuna, matumbo hakuna, kazi yako ni kukaanga tu. Ukijiajiri unaletewa samaki mzima, na kisu utafute mwenyewe.

Mwaka wa kodi unaisha tarehe 5 Aprili. Kujiandikisha HMRC, yaani watu wa kodi, mwisho 5 Oktoba inayofuata. Kulipa, mwisho 31 Januari. Nilipiga hesabu nikaona nadaiwa kama pauni 4,000, nikaziweka, nikajiona mjanja. Nafungua akaunti yao naambiwa 6,000. Kumbe deni likizidi pauni 1,000, wanataka na nusu ya kodi ya mwaka unaofuata papo hapo, na nusu nyingine tarehe 31 Julai. Nilikopa kwa mdogo wangu, na mpaka leo ananikumbusha kila Idi ingawa nilishamlipa. Tangu hapo kila hela inayoingia, robo inakwenda kwenye akaunti ya pembeni niliyoipa jina Si Yangu.

Na usiseme bado hujaanza. Mauzo yakipita pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, HMRC wanakuhusu, hata kama unaita wikendi tu. Kaunsili, yaani halmashauri ya mji wako, nayo inataka ujiandikishe siku 28 kabla ya kuanza biashara ya chakula. Ni bure, kwa hiyo huna kisingizio, fanya leo. Kisha lebo: tangu Oktoba 2021, mkate ukiufunga kwenye mfuko hapo hapo unapouuzia, kabla mteja hajauchagua, lazima uandikwe viungo vyote, na vile 14 ambavyo sheria inavitaja kuwa vya mzio vionekane wazi. Ngano imo, maziwa yamo, na ufuta wenyewe umo. Tui la nazi halimo kwenye hivyo 14, lakini liandike, nalo ni kiungo.

Sasa nikuulize la jikoni, maana hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Mkate wa ufuta unaubandika kwenye kikaango, unakigeuza juu ya moto, unasubiri uso upate rangi. Mmoja mmoja. Tuseme dakika tano. Mikate sitini ya harusi ni saa tano umesimama, bado kukanda, bado kufunga, bado kuendesha gari mpaka Luton. Ukiuza pauni mbili ni pauni 120, toa unga, tui, gesi na petroli. Bei hiyo uliipanga wewe au waliipanga mashemeji?

Nyumba mnayo? Kama hamna na mnaitaka, ombeni mkopo ukiwa bado na karatasi za mshahara. Benki nyingi zinataka hesabu za miaka miwili kwa aliyejiajiri. Sisi tulilijua hilo mwenye nyumba alipokwisha tutaka tuhame.

Likizo ya ugonjwa hakuna, pensheni ya mwajiri hakuna, hayo unayajua.

Ila kuna la nyumbani. Mama yangu yupo Tanga, alizoea chake kila tarehe 28. Nilimpigia kumweleza kwamba sasa pesa zitakuja kwa msimu, si kwa mwezi. Akanyamaza, akauliza, "Wamekufukuza?" Mwaka mzima alikuwa akiwaambia majirani nipo likizo. Wapigie wako kabla hujaandika barua.

Mimi ningekuwa wewe ningeomba kwanza siku nne kwa wiki. Tangu Aprili 2024 una haki ya kuomba hata kama umeajiriwa jana. Wanaweza kukataa, lakini lazima watoe sababu.

Kutoka: Kijana wa Milton Keynes

Dada, ahsante sana. Jana usiku mke wangu alikaa na saa, mimi nikapika. Dakika saba mkate mmoja, na wa tatu uliungua kwa sababu nilikuwa natazama saa. Bei ni kweli, waliipanga mashemeji. Nimejaza fomu ya kaunsili. Na barua nimeiandika, lakini ni ya kuomba Ijumaa.