Tupeane uzoefu: ulipoomba uanagenzi wa ufundi migodini, ulipenya wapi na ulikwama wapi?

Mtoa mada, Pasua, Moshi

Habari zenu ndugu zangu. Kila linapotoka tangazo la nafasi za uanagenzi kwa ajili ya migodi, vijana wa mtaani kwetu huja nyumbani na bahasha zao wakitaka niwasomee barua za maombi, na kila mara ninaona nguvu zote zimeishia kwenye barua. Hapa Moshi tuna bahati, kwa kuwa chuo cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) cha mjini kwetu ndicho kilichopokea mafunzo ya ufundi yanayoendeshwa kwa ushirikiano na kampuni za migodi tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, ambapo mwanagenzi husoma darasani na karakanani, kisha hupelekwa mgodini kufanya kazi chini ya mafundi. Hata hivyo, kukaa jirani na geti la chuo hakumpi mtu nafasi, maana waombaji hutoka Geita, Mara, Shinyanga na kwingineko kwingi. Ninaomba kila aliyewahi kuomba, awe alipata au alikosa, aeleze yaliyomkuta. Nianze mimi.

Mara ya kwanza sikuitwa hata kwenye usaili. Nilipofuatilia niligundua kwamba jina langu la ukoo kwenye cheti cha kidato cha nne liliandikwa kwa herufi "u", na kwenye kitambulisho cha taifa kwa herufi "o". Kwangu ilikuwa herufi moja tu, lakini kwa anayepanga mafaili hao ni watu wawili. Nilikwenda kwa wakili nikaapa kiapo cha kuthibitisha majina, nikaanza kushughulikia marekebisho, na mwaka uliofuata nikaomba tena.

Safari hiyo niliitwa kwenye jaribio la vitendo, upande wa umeme. Tulipewa mota ya fezi tatu iliyokuwa inanguruma bila kuzunguka, tukaambiwa tutafute ubovu, mmoja baada ya mwingine. Kijana aliyenitangulia alikuwa fundi kunizidi, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Alifungua kifuniko papo hapo, akapitisha mita mara mbili tatu, akataja ubovu kwa usahihi: fezi moja haikuwa inapita kwenye kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota. Mimi nilizima swichi kuu kwanza, nikaomba kufuli na kibao cha tahadhari, nikafunga na kutia ufunguo mfukoni. Kisha nikaijaribu mita kwenye soketi niliyojua ina umeme, nikapima nyaya za mota fezi kwa fezi na fezi kwa ardhi, halafu nikarudi kwenye soketi ile ile ili kuhakikisha kwamba mita haikufa katikati ya kazi ikanidanganya. Muda uliisha kabla sijaufikia ubovu wenyewe, nikatoka nikiwa nimekata tamaa kabisa.

Nilichukuliwa mimi. Baadaye mmoja wa waliotusimamia aliniambia kwamba ubovu wa kontakta wangenifundisha kwa wiki moja, lakini mkono uliozoea kushika waya kabla ya kuuhakiki huchukua miaka kuubadilisha, na mgodini miaka hiyo haipo. Utaratibu ule nilifundishwa na mzee mmoja katika kiwanda cha kukoboa kahawa nilikofanya mazoezi kwa vitendo. Alikuwa ananifukuza karakanani kila nilipoacha kufuli mezani, nami wakati ule nilimwona mkali bure.

Fundi wa kuchomelea, Unga Limited, Arusha

Mimi sikupata, na ninaona ni haki nieleze kwa nini. Kazi nilijifunzia gereji, nikitengeneza mageti, madirisha na bodi za malori, na sikuwa na cheti chochote hadi nilipofanyiwa tathmini na VETA kupitia urasimishaji wa ujuzi, utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza ufundi nje ya chuo. Ninawasihi mafundi wenzangu wa mtaani msiupuuze, kwa sababu bila cheti hicho maombi yangu yasingefunguliwa kabisa.

Nilikwama kwenye jaribio. Tulipewa bomba lililofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, ambalo haliruhusiwi kuzungushwa, hivyo mchomeleaji ndiye anayelizunguka, mara akiwa amesimama na mara akiwa amepiga magoti. Juu weldi yangu ilionekana safi. Walipokata kipande na kukikunja, ikapasuka upande wa ndani, kwa sababu moto haukufika chini. Geti la nyumba hulivumilia kosa kama hilo miaka yote, lakini bomba lenye shinikizo haliwezi. Sasa kila jioni baada ya kazi za wateja ninachomelea vipande vya bomba chakavu, ninavikata, ninavikunja na kuvitazama. Bado vinne kati ya kumi vinapasuka.

Mama mzazi, Soweto, Moshi

Wanangu, mimi nilitapeliwa shilingi 350,000. Mtu alimpigia mwanangu simu akidai anatoka ofisi ya ajira ya mgodi, akamtajia jina lake kamili na chuo alichosoma, akasema nafasi imepatikana ila zinahitajika fedha za vipimo na sare kabla ya saa kumi jioni. Niliuza mbuzi wawili. Ile haraka ya "kabla ya saa kumi" ingetosha kunishtua, na ilinipasa nimwambie kijana aende mwenyewe chuoni kuuliza, kwa kuwa nauli ya daladala haifiki hata shilingi elfu mbili.

Mwanagenzi wa mitambo, Ngaramtoni

Shikamoo mama, na pole sana. Mimi niongezee habari ya vipimo vya afya, ambavyo wengi hatuvifikirii mpaka siku yenyewe. Niliomba umeme na nikafaulu mtihani wa maandishi, lakini nilipowekewa kitabu chenye vidoa vya rangi nikashindwa kusoma namba zilizofichwa ndani yake. Nilikuwa na miaka 21 na sikuwahi kujua kwamba sitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa fundi umeme anayetambua nyaya kwa rangi zake, hilo ni suala la uhai. Mwaka uliofuata niliomba ufundi mitambo, nikapata. Nendeni mkapimwe macho na masikio kabla hamjachagua fani, msije mkapoteza mwaka mzima kama mimi.

Mtoto wa mchimbaji, Mirerani, sasa ninaishi Arusha

Kwenye usaili niliulizwa kwa nini ninataka kufanya kazi mgodini. Nilikuwa nimekariri jibu kuhusu kulitumikia taifa, lakini nikajikuta ninaeleza habari za baba yangu. Alichimba tanzanite kwa miaka mingi, akitoboa mwamba mkavu bila maji, na vumbi lile la mwamba ndilo lililomharibu mapafu. Alipougua kifua kikuu alilazwa Kibong'oto, hospitali iliyopo Siha ambayo wachimbaji wengi wa kwetu wanaifahamu kwa sababu hiyo hiyo. Nikawaambia kwamba ninataka kujifunza kutunza pampu za maji na feni za kusukuma hewa, kwa kuwa mwamba ukitobolewa kwa maji vumbi hupungua sana, na pampu ikisimama mtobozaji hurudi kwenye ukavu ule ule.

Hawakuniuliza tena kuhusu sababu. Tulitumia muda uliobaki kuzungumzia pampu: inavyopoteza msukumo hewa inapoingia kwenye bomba la kuvutia maji, na beringi inavyotoa dalili kwa joto na mlio kabla haijafa. Yale niliyajua kwa sababu shambani kwetu tulikuwa na pampu ya kumwagilia niliyoifungua mara nyingi kuliko alivyopenda mama.

Mtoa mada

Pole kwa baba, ndugu yangu, na asante kwa kutueleza. Mliomaliza kidato cha nne mkiwa na miaka 16 au 17 mnaoniuliza pembeni, sheria haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, hivyo utumieni muda huo kupata cheti cha fani na kulinganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho.

Ndugu wa Unga Limited, nimemwonesha maelezo yako fundi mmoja wa mabomba aliyewahi kufanya kazi Geita. Anasema tatizo lako huenda likawa nafasi unayoiacha kati ya vipande viwili kabla ya kuanza kuchoma, na ameomba ulete vile vinne vilivyopasuka pamoja na vile sita vilivyokubali. Njoo navyo Moshi Jumamosi, nitakupokea stendi.